Wamekuibia Akaunti, Wasikuibie na Moyo



Kijana mwenzangu, kuna swali ambalo nimekuwa nikiulizwa na vijana wa kigango chetu huku ukanda wa ziwa, na kila nikilisikia naona ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu akiibiwa akaunti ya gemu, ameibiwa kitu gani hasa? Wazee wakisikia wanacheka: "Kwani mchezo wa kwenye simu nao unaibiwa?" Hata sisi wenyewe tunamwambia mwenzetu, "Aa, bana, fungua nyingine." Yaani kana kwamba amepoteza kalamu.

Leo tulitafakari swali hilo kwa utulivu. Tutaangalia kama huo ni wizi kweli, kosa ni la nani, aliyeibiwa afanye nini na asifanye nini. Na kwa sababu imani bila matendo imekufa, nitaweka pia hatua za kuchukua, moja baada ya nyingine. Kama limekukuta wiki hii, ruka moja kwa moja hadi kwenye hatua, halafu urudi kusoma mengine ukishatulia.

Mfano kutoka Lyulilo

Nina ruhusa ya mwenyewe kusimulia, ila jina naliacha.

Ni kijana wa Lyulilo, pale jirani na Matema, chini ya milima ya Livingstone. Amemaliza kidato cha nne. Mama yake ni mchuuzi wa vyungu, vile vinavyofinyangwa na akina mama Wakisi kule Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Kijana alikuwa na akaunti ya Free Fire aliyoianza akiwa kidato cha pili. Siku moja, kwenye kundi la WhatsApp, mtu akatangaza daimondi kwa chini ya nusu ya bei. Akamtumia linki. Ukurasa ukafunguka, unafanana kabisa na wa Facebook. Kijana akaandika namba yake na neno lake la siri. Dakika moja baadaye simu ikaingiza ujumbe wenye tarakimu. Yule mtu akamwambia, "Nitumie hizo kodi, mzigo uingie." Akatuma. Na hela akatuma, shilingi 20,000, aliyoachiwa na mama kulipia mtumbwi.

Usiku huohuo akaunti haikufunguka tena. Kesho yake akatokea mwingine, anajiita mtaalamu wa kurudisha akaunti. Akataka 15,000 kwanza. Naye akazila, akapotea.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni alichoniambia baada ya kukosekana mazoezi ya kwaya kwa majuma matatu. "Kaka, nimepigwa mara mbili. Sasa kuna mshikaji amesema atanifundisha na mimi kupiga, nirudishe hasara."

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwenye jambo hili kuna zaidi ya daimondi.

Je, ni wizi kweli au ni mchezo tu?

Kuna anayesema: daimondi na nguo za mhusika wa gemu siyo mali, ni picha tu. Tena ukisoma masharti ya kampuni nyingi za michezo, akaunti haihesabiki kuwa mali yako kamili. Unapewa ruhusa ya kuitumia. Basi aliyeichukua ameiba nini?

Nafikiri hoja hiyo inaanguka kwa sababu mbili. Kwanza, noti ya 10,000 nayo ukiitazama ni karatasi yenye picha. Thamani yake iko kwenye jasho lililoipata na makubaliano ya watu kuiheshimu. Daimondi zile zililipiwa shilingi halisi, na akaunti ile ilijengwa kwa saa halisi za maisha ya mtu. Pili, hata tukiweka hela pembeni, kuna kitu kingine kilichoguswa: ukweli baina ya watu wawili. Mtakatifu Thomas wa Akwino alipoandika kuhusu biashara aliihesabu hila kuwa dhambi. Kwa hiyo mtapeli huyu amevunja amri mbili kwa mpigo, ya saba na ya nane. Amechukua cha mtu, na amelitumia neno, ambalo tumepewa ili tujuane, kuwa chambo.

Mwingine atasema, "Lakini kijana naye alipenda gemu kupita kiasi." Inawezekana. Hilo ni swali la yeye na dhamiri yake, na tutalifikia. Ila halimsafishi mwizi. Mtu akipenda baiskeli yake kuliko inavyofaa, aliyeiiba bado ni mwizi wa baiskeli.

Kosa ni la nani?

Sisi tuna methali tunayowarushia waliotapeliwa: tamaa mbele, mauti nyuma. Ni methali nzuri kabla ya tukio, inakuonya usisogee. Baada ya tukio inageuka jiwe. Anayeirusha anajifariji kwamba yeye ni mwerevu, hawezi kupigwa, na aliyepigwa anajifungia ndani asimwambie mtu. Na mtapeli anataka hivyohivyo, maana aibu ya aliyeibiwa ndiyo inayomfichia nyayo.

Tutenganishe basi mambo mawili. Kutokuwa makini ni udhaifu, na udhaifu unatibiwa kwa kujifunza. Kudanganya kwa makusudi ni dhambi, na dhambi inatibiwa kwa toba na malipizi. Ukiyachanganya hayo mawili utamfanya aliyeibiwa aungame dhambi ya mwizi.

Tena utapeli huu haukuanza na magemu. Nani hapa Tanzania hajawahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Umewaingiza watu wazima, wenye kazi na elimu zao. Ripoti za TCRA zimekuwa zikitaja majaribio ya ulaghai kwa simu mkoa kwa mkoa, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikijitokeza juu. Laini zetu zilisajiliwa kwa alama za vidole, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungiwa Januari 2020, lakini matapeli bado wapo. Kwa hiyo kijana akipigwa, asidhani ni yeye peke yake mjinga duniani.

Lakini nitasema na upande wa pili, kwa upendo. Ukiona kitu kinauzwa chini ya nusu ya bei, jiulize: hiyo nusu nyingine ameilipa nani? Mara nyingine daimondi za bei ya kutupa zimenunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa, na akaunti inayouzwa rahisi ni ya mtoto mwingine anayelia. Hata ikiwa siyo ya wizi, muuzaji wa kwanza anaweza kubaki na barua pepe ya mwanzo na kuichukua tena kesho. Mkristo anapouliza bei anauliza pia kitu kimetoka wapi.

Kwa nini soko la Lyulilo ni salama zaidi

Nimefikiria sana tofauti ya soko la vyungu na soko la kwenye simu. Pale Lyulilo mama anakigonga chungu kwa kidole, anasikiliza. Kikiwa na ufa, mlio unajisema. Lakini hata akikosea, kuna ulinzi mwingine: Jumamosi ijayo. Muuzaji anajua kwamba Jumamosi ijayo atamkuta mnunuzi yuleyule, na dada yake, na jirani yake. Akiuza chungu kibovu makusudi, ziwa zima litajua.

Mtandaoni hakuna Jumamosi ijayo. Mtu anabadilisha picha na jina, anahamia kundi lingine. Kwa hiyo ile kazi iliyokuwa ikifanywa na ujirani, sasa inabidi ifanywe na busara yako mwenyewe. Hii haina maana tuwe watu wa kushuku kila mtu. Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwataka wawe na akili ya nyoka na usafi wa njiwa (Mt 10:16), vyote viwili kwa wakati mmoja. Wengi wetu tunachukua kimoja tu. Njiwa mtupu analiwa. Nyoka mtupu anakuwa kama yule mshikaji wa kijana wetu.

Dawa ya moto ni moto?

Turudi kwa mshikaji huyo. Hoja yake ina mvuto: "Wao wamekupiga, na wewe piga, ngoma droo." Lakini angalia vizuri utampiga nani. Aliyekuibia humjui, humwoni. Utakayempiga ni mtoto mwingine, labda wa Ipinda, labda wa Karonga ng'ambo ya mpaka, ambaye naye ameachiwa hela na mama yake. Hasara haijarudi ilikotoka, imesukumwa mbele kwa asiyehusika. Na kila anayesukuma anaamini yeye ndiye wa mwisho.

Je, kumvamia mwizi mwenyewe, kama ukimjua? Hapo pia uwe mwangalifu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo au akaunti ya mtu bila idhini, na haisemi "isipokuwa ukiwa na hasira." Halafu akaunti anayoitumia yule mwizi yawezekana siyo yake. Ni ya mtu aliyeibiwa kama wewe.

Na kama wewe unayesoma hapa umeshafanya mchezo huo, umewahi kuchukua akaunti ya mtu, sikiliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2412) inafundisha kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Zakayo alipompokea Yesu hakusema tu samahani, aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Nenda kwenye kitubio, ndiyo, lakini rudisha na akaunti. Kama haiwezekani tena, rudisha thamani yake. Padre atakusaidia kuona njia.

Kusamehe siyo kunyamaza

Vijana wengi wananiuliza, "Nikiripoti polisi si nitakuwa sijasamehe?" Hapana. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku chache baadaye alitangaza kwamba amemsamehe Mehmet Ali Ağca, na Desemba 1983 akamtembelea gerezani, wakaketi pamoja. Lakini Ağca aliendelea na kifungo chake Italia hadi mwaka 2000, alipopata msamaha wa rais wa nchi hiyo. Msamaha wa moyo na kazi ya sheria vilikwenda pamoja bila kugombana.

Kusamehe ni kukataa chuki isikae ndani yako. Kuripoti ni kumlinda mtoto atakayefuata kwenye orodha ya tapeli yule. Vyote viwili ni upendo.

Hatua za kuchukua

Sasa tushuke kwenye vitendo. Fuata mpangilio huu, usianze na gemu.

1. Anza na barua pepe. Barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba, gemu ni chumba tu. Fungua ukurasa rasmi wa kurejesha akaunti ukitumia simu ileile uliyozoea na ukiwa mahali ulipozoea, maana Google huangalia hayo kukutambua. Ukiingia, badilisha neno la siri, toa vifaa vyote usivyovijua, halafu kagua namba na barua pepe za urejeshi. Mwizi hupenda kuacha ya kwake humo ili arudi.

2. Kisha Facebook au akaunti yoyote uliyoiunganisha na gemu. Fanya yaleyale.

3. Ndipo uwaandikie watoa msaada wa gemu, kupitia ndani ya gemu au tovuti yao rasmi tu. Andaa namba yako ya mchezaji, risiti za manunuzi, mwaka uliofungua akaunti na aina ya simu uliyotumia. Msaada wa kweli hautakuuliza neno lako la siri kamwe.

4. Kama umetuma hela, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako haraka, kabla haijatolewa. Usifute ujumbe wowote. Piga skrinishoti, utume ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, namba ya TCRA kwa ajili hiyo, na nenda kituo cha polisi uchukue RB. Najua kutoka vijiji vya ziwani hadi Kyela mjini ni nauli, lakini taarifa isiyoandikwa haimfungi mtu.

5. Usimlipe "mtaalamu" yeyote anayejitokeza kukurudishia akaunti. Mara nyingi ni tapeli yuleyule kwa jina jipya, au mwenzake aliyeuziwa namba yako.

Ukishapata utulivu, funga milango:

- Usicheze kwa akaunti ya mgeni. Iunganishe na barua pepe unayoimiliki mwenyewe.
- Kila akaunti iwe na neno lake la siri. Jina lako na mwaka wa kuzaliwa siyo siri.
- Washa uthibitisho wa hatua mbili. Zile kodi za akiba ziandike kwenye daftari la nyumbani, usizipige picha.
- Tarakimu zinazoingia kwa SMS usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni, hata awe rafiki. Rafiki naye huenda simu yake imeshikwa na mwingine.
- Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika.
- Achana na programu za kuchiti na magemu yaliyochezewa. Nyingi zinabeba mwizi ndani yake.
- Ukiingia kwa simu ya mwenzako, toka kabisa kabla ya kumrudishia.

Mwalimu wetu mmoja wa karibu

Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo wa Kumi na Nne alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu. Kijana huyu alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki kwa leukemia tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Alipenda kompyuta na alicheza PlayStation kama sisi. Inasimuliwa kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Hakuona mchezo kuwa dhambi. Alitaka tu yeye aushike mchezo, mchezo usimshike yeye. Na ujuzi wake wa kompyuta aliutumia kutengeneza tovuti ya kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi.

Nasema haya kwa sababu kikomo nacho ni ulinzi. Asiyeweza kukaa siku mbili bila daimondi mpya ndiye anayebofya linki usiku wa manane bila kufikiri. Anayecheza kwa kiasi anapata muda wa kukigonga chungu asikilize.

Na yule kijana?

Barua pepe yake tuliirudisha, ilichukua siku nne. Akaunti ya gemu haijarudi hadi leo. Hela nayo haijarudi. Kilichobaki kigumu kilikuwa kumwambia mama. Alikwenda peke yake, mimi sikuhitajika. Aliniambia mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akamuuliza, "Kwa nini ulikaa nalo peke yako wiki tatu?" Kuhusu hela, alimwambia atabeba vyungu kutoka mtumbwini hadi sokoni kila Jumamosi mpaka deni liishe. Akaanza Jumamosi iliyofuata.

Yule mshikaji alimjibu kwa sauti ya WhatsApp, fupi: "Sitaki, maana najua inavyouma." Sidhani kama kuna mhadhara wa maadili unaopita hapo. Aliyeumizwa ana maarifa ambayo wengine hawana. Anaweza kuyageuza silaha, au akayageuza huruma. Mwizi anaweza kuchukua akaunti, hela na saa zako. Uamuzi huo hawezi kukuchukulia.

Maswali ya kutafakari wiki hii

- Je, kuna mtu karibu yangu aliyetapeliwa nikamcheka? Nitamwendea lini?
- Je, nina kitu cha mtu mtandaoni ambacho natakiwa kurudisha?
- Ni akaunti ipi yangu haina ulinzi, na nitaifunga leo saa ngapi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliuzwa kwa fedha na mtu uliyekula naye, unaijua aibu ya kusalitiwa. Waponye wote waliodanganywa, uwape ujasiri wa kusema. Uwaguse wanaodanganya, warudishe walichochukua. Utupe akili ya kutambua hila na moyo usiojifunza hila. Kwa maombezi ya Mtakatifu Carlo Acutis, utulinde kwenye simu zetu kama unavyotulinda njiani na ziwani. Amina.

Tuombeane.